Farasi Hajui Jumapili

Kwa miaka saba, tangu 1990 hadi 1997, nilikuwa karani wa mishahara katika zizi moja la farasi nje kidogo ya Nairobi, upande wa Barabara ya Ngong. Zizi lenyewe sitalitaja, wala mwenyewe sitamtaja, kwa kuwa sikukaa kuandika ili nimshitaki mtu. Kama yuko mshitakiwa katika kurasa hizi, ni mimi niliyeshika kalamu. Swali ninalotaka kulitafakari ni fupi kwa maneno, lakini limenisumbua tangu nikiwa kijana mpaka leo nina mvi: je, mtu aweza kuuza mapumziko yake? Na akiyauza kwa hiari yake mwenyewe, mnunuzi ana kosa gani?

Kabla ya kulijibu inafaa nieleze kazi ya saisi, maana wengi wetu tumewaona farasi kwa mbali tu, wametakata na manyoya yao yanang'aa, tusijue mkono uliowang'arisha.

Saisi huamka saa kumi za usiku. Saa hizo ni baridi, na mwezi wa Julai ukungu hushuka hata usione kibanda cha tatu kutoka hapo uliposimama. Kwanza huwapa farasi maji na chakula, kisha huzoa mavi na maranda yaliyolowa mkojo. Farasi mmoja mkubwa hutoa takriban kilo 20 za mavi kwa siku, na kila saisi wetu alikuwa na farasi watatu. Akimaliza hapo huwapiga brashi, huinua miguu yao mmoja mmoja na kuchokoa uchafu katika kwato, huwatandika, huwatembeza, huwaogesha, huwarudisha bandani, huwapa nyasi kavu, kisha huanza tena. Mnyama huyo ana uzito wa kilo 500 hivi, naye ni mwoga kama kunguru. Karatasi ikipeperushwa na upepo, hushtuka na kurusha teke. Mmoja wa masaisi wetu alikuwa na kidole cha mguu kilichokanyagwa kikapondeka. Mwingine alikohoa mwaka nenda mwaka rudi kwa vumbi la nyasi.

Tena baadhi ya farasi wetu walikuwa wa mbio. Katika uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, mbio huwa Jumapili. Watu huja na wake zao na watoto, wakaketi jukwaani wakipunga upepo. Siku ambayo mji mzima hupumzika ndiyo siku ambayo saisi hana hata nafasi ya kukaa. Humwongoza farasi wake kwa hatamu, wakazunguka mbele ya watazamaji ili waweka dau wamkague. Katika kijitabu cha mbio huchapishwa jina la farasi, jina la mwenye farasi, jina la mkufunzi na jina la mpanda farasi. Jina la saisi halimo. Nililiona jambo hilo mapema, nikalifanyia mzaha. Sikutambua kwamba katika daftari langu mimi jina lake lilikuwamo, ila siku zake ndizo hazikuwamo.

Sheria haikuwa imenyamaza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 1976, iliyokuwa ikitumika wakati ule, ilimpa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na baada ya miezi 12 ya kazi, likizo ya siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Sheria ya mwaka 2007 iliyokuja kushika mahali pake imeziacha siku hizo hizo 21, ikaongeza kwamba sehemu ya likizo hiyo, isiyopungua wiki mbili mfululizo, isikatwe katikati. Niliyajua haya. Nakala ya sheria ilikuwa kwenye saraka ya meza yangu, chini ya vitabu vya risiti.

Lakini tajiri wetu alikuwa na neno lake, na haki ya Mungu lilikuwa neno la kweli. Alisema, "Farasi hajui Jumapili." Tumbo la farasi ni dogo kwa kadiri ya mwili wake, inampasa ale kidogo kidogo mchana kutwa. Tena maumbile yake hayamruhusu kutapika. Akishikwa na msokoto wa tumbo hana njia ya kujipunguzia. Hulala akigaagaa kwa uchungu, na saisi hukesha akimtembeza gizani, akisikiliza tumbo lake kwa sikio, mpaka mganga wa mifugo afike. Kukipambazuka, aidha mnyama anajamba na kila mtu anacheka kwa furaha, au tunatafuta watu wa kuchimba shimo. Mnyama wa namna hiyo huwezi kumwambia, "Ngoja, mtu wako amekwenda kwao Mwingi, atarudi baada ya wiki tatu."

Basi tukapata njia ambayo wengi wameipata kabla yetu na baada yetu. Kila Desemba niliongeza juu ya mshahara wa saisi malipo ya siku 21, yeye akatia sahihi au kidole, nami nikaandika katika safu ya likizo, au livu kama tulivyoiita: imelipwa. Tajiri alibaki na mtu wake. Saisi alipata kitita ambacho kwa mwezi wa kawaida asingekiota. Karani alifunga daftari lililosimama sawa. Watu watatu, na wote wameridhika. Nani alalamike?

Siku moja ya Desemba 1996 alikuja dirishani kwangu yule saisi mkubwa kuliko wote kwa umri. Nilimhesabia pesa zake. Alizihesabu tena, akazikunja, akazitia mfukoni, lakini hakuondoka.

"Karani," akaniambia, "pesa zangu zimekwenda livu miaka sita. Mimi ndiye sijaenda."

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akanieleza kwamba kwa pesa hizo alikuwa amejenga nyumba ya matofali kwao. Alituma pesa, fundi akajenga. Mwaka ule ilikuwa imekwisha, na ndani yake alikuwa amelala siku tisa tu, alipokwenda kuzika. Alikuta fundi ameuelekeza mlango upande unakotoka upepo, vumbi lote linaingia ndani. Hakukuwa na wa kumwuliza fundi, maana mkewe alidhani ndivyo mumewe alivyoagiza. "Ningekuwapo siku moja tu," akasema, "siku ya kupima msingi." Halafu akaenda zake, kwa sababu ilikuwa saa ya kulisha.

Nimelirudia neno lile mara nyingi, na kila nikilirudia najiwekea hoja za kujitetea. Msomaji, naomba tuzipime pamoja.

Hoja ya kwanza ni kwamba saisi alikubali. Zaidi ya kukubali, miaka miwili alikuja mwenyewe kuomba alipwe asiende, kwa kuwa Januari ilikuwa karibu na karo ilikuwa inangoja. Sitaki kumvunjia heshima kwa kusema hakujua alichokuwa akifanya. Alijua. Hesabu ya maskini huwa kali kuliko ya tajiri, maana kosa lake hulila chakula. Lakini kwenye mizani ile kulikuwa na nini? Upande mmoja siku zake, upande wa pili shule ya mwanawe. Aliyeviweka vitu hivyo viwili kwenye mizani moja hakuwa saisi. Ni mshahara uliomweka pale. Na mshahara huo tuliupanga sisi, mwaka mzima, kabla hajafika dirishani kuombwa achague.

Shirika la Kazi Duniani lina mkataba, namba 132 wa mwaka 1970, ambao Kenya nayo iliuridhia. Kifungu chake cha 12 kinasema kwamba mapatano ya kuiacha likizo ya lazima kwa malipo ni batili. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikereka. Niliona ni kumfanya mtu mzima mtoto mdogo: mali ni yake, kwa nini asiiuze? Jibu nililipata zizini kwetu bila kulitafuta. Kati ya masaisi wanne, mmoja alikataa kuuza. Alitaka kwenda kwao, basi. Aliambiwa kwa upole kabisa, "Wenzako wanaelewa shida za kazi, wewe una nini?" Akaenda siku kumi, akarudi akakuta farasi wake bora amepewa mwingine. Mwaka uliofuata aliuza kama wenzake. Hapo ndipo nilipoona kwamba haki ikishakuwa bidhaa, anayeiuza huwapandishia gharama wasiotaka kuiuza. Wale watatu hawakukusudia kumdhuru mwenzao, lakini kila sahihi yao ilimfanya yeye aonekane mvivu.

Hoja ya pili ni ile ya farasi: mnyama lazima ale. Hii ndiyo niliyoiamini kwa dhati, na ndiyo inayonitia haya kuliko zote, kwa sababu ni hoja ya hesabu, nami hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Miaka mingi baada ya kuondoka pale, usiku mmoja usingizi umenipaa, nilichukua bahasha kuukuu nikaandika nyuma yake. Siku 52 za mapumziko ya wiki, na siku 21 za livu, jumla siku 73 kwa kila mtu. Masaisi 4 mara siku 73 ni siku 292. Hizo ndizo siku ambazo farasi wangekosa mtu kwa mwaka mzima, kama kila saisi angepata haki yake. Sikukuu za taifa niliziacha kando. Kisha nikajiuliza: tukimwajiri mtu wa tano, naye tukampa mapumziko yake yote 73, atakuwa na siku ngapi za kazi? Siku 365 ukitoa 73 ni 292.

Niliitazama bahasha ile kwa muda mrefu. Siku zilizokuwa zinapungua zilikuwa 292, na siku za mtu mmoja zilikuwa 292. Mtu mmoja tu, si kumi, angeziba pengo lote, na farasi wale 12 wasingekosa hata mshiko mmoja wa nyasi. Farasi hakuwa kizuizi hata siku moja. Kilichopungua ni mshahara mmoja, nasi tulimsingizia mnyama asiyeweza kujieleza.

Utaniuliza, je, kama tajiri kweli hakuwa na uwezo wa mshahara huo? Yamkini hakuwa nao. Kufuga farasi si mchezo. Lakini basi ukweli ungekuwa huu, kwamba mtu aliyekuwa na uwezo wa farasi tisa alikuwa amefuga kumi na wawili, na wale watatu wa ziada walikuwa wakilishwa siku za watu wengine. Haja ya farasi ni kweli, tena ni kweli kila siku ya Mungu. Ila ni mzigo wa yule aliyesema, "Farasi huyu ni wangu." Huwezi kuwa mwenye farasi siku ya kikombe cha ushindi, kisha siku ya mavi farasi akawa wa saisi.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, na huuma zaidi: saisi anampenda farasi wake, hataki kumwacha. Hili nalo ni kweli. Palikuwa na farasi jike mmoja mwekundu ambaye, saisi wake akikosekana, alikuwa akigeuza uso ukutani na kuacha chakula. Saisi yule alijua, na ndiyo maana hata akiumwa alijikokota akaja. Penzi hilo halikuandikwa popote katika daftari langu, lakini zizi zima liliishi kwa matunda yake. Nimekuja kuona kwamba ndivyo ilivyo kwa kila kazi ya kulea chenye uhai, awe mgonjwa, mtoto au mfugo. Anayeipenda ndiye aliye rahisi kumnyima, kwa kuwa tunajua hatagoma mnyama akiwa na njaa. Mtu asiye na huruma angefunga mlango saa kumi na moja jioni na kwenda zake, nasi tungemheshimu zaidi. Hivyo wema wa mtu tukaugeuza kuwa kamba ya kumfungia.

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Uingereza, ambako desturi za mazizi yetu zilitoka pamoja na farasi wenyewe, swali hili limezunguka likarudi pale pale. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa mtindo wa kuichanganya pesa ya likizo ndani ya ujira wa kawaida badala ya kumlipa mtu wakati anapopumzika, kwa kuwa mfanyakazi wa namna hiyo huishia kutopumzika. Uingereza ilipokwisha kutoka katika Umoja wa Ulaya ilibadili sheria yake, na kwa miaka ya likizo iliyoanza Aprili 2024 na kuendelea, mtindo huo umeruhusiwa kwa watu wa saa zisizo na mpango na wa sehemu ya mwaka. Na mazizini watu wa aina hiyo si haba. Huongezewa asilimia 12.07 ya ujira wao. Sheria bado inataka wapumzike. Lakini asilimia 12.07 huonekana wazi kwenye karatasi ya mshahara, na wiki zenyewe hazionekani mahali popote. Nikisoma hayo namsikia saisi wangu akicheka dirishani.

Ningependa kumalizia hapo, nikiwa nimewahukumu tajiri na Waingereza. Lakini dhamiri hainiruhusu.

Nilipostaafu nilirudi kwetu Taita. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, na kijana mmoja wa Kinango anayewatunza. Ng'ombe naye hajui Jumapili. Asipokamuliwa asubuhi na jioni, kiwele hujaa akaugua. Kwa miaka miwili ya kwanza, kila Desemba nilimlipa kijana yule pesa za likizo, akabaki. Nami, niliyeandika bahasha ile, nilijiona mwajiri mwema kuliko majirani zangu ambao hata hizo hawatoi.

Desemba iliyopita alikuja barazani. "Mzee," akasema, "mwaka huu pia nisiende. Nipe pesa tu. Watoto wanarudi shule Januari."

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni. Ndipo likanijia lile neno la pesa zilizokwenda livu. Nilikaa kimya kitambo, yeye akadhani nimekasirika. Nikamwambia, "Mwanangu, utakwenda. Mshahara wako wa siku za likizo huu hapa, na karo nitakukopesha, utanilipa kidogo kidogo. Ng'ombe nitakamua mimi." Alinitazama kwa mashaka, na ninakiri kwamba mashaka yake yalikuwa na haki, maana kukamua nilikuacha tangu ujana.

Alikwenda wiki mbili, na siku zilizosalia tukapatana azichukue shule zikifungwa Aprili. Wiki ya kwanza maziwa yalishuka kutoka lita 11 mpaka 7 kwa siku. Ndoo ilipigwa teke mara mbili. Mgongo ulinikaza, na jirani alikuja makusudi kunitazama ili apate la kusimulia. Kila alfajiri, nikiwa nimechuchumaa kwenye baridi ya milima yetu, nilijifunza thamani ya kile nilichokuwa nikikinunua kwa bei rahisi. Nilikuwa nimelipia siku 21. Sikuwa nimewahi kuzibeba.

Alirudi akiwa amechelewa siku moja, nami sikumwuliza. Aliniambia kwamba paa la jiko la mkewe lilikuwa likivuja, amelipanda mwenyewe akaliezeka upya. Akaenda moja kwa moja kuwaona ng'ombe, akawapapasa, akatikisa kichwa kwa jinsi nilivyowakondesha.

Yule saisi sijui aliko. Siku zake 126 nilizoziandika "imelipwa" haziko mahali ambapo naweza kuzichukua na kumrudishia. Kila kitu kingine katika daftari lile kingeweza kusahihishwa, isipokuwa hizo. Ndiyo maana nasema kwamba mapumziko hayauziki. Mnunuzi hulipa na muuzaji hupokea, lakini siku zenyewe haziendi kwa yeyote kati yao. Zinapotea.

Nawe msomaji, huenda huna farasi wala ng'ombe. Lakini huenda una mpishi, yaya, mlinzi wa langoni, au mtu anayemtunza mama yako mgonjwa. Ana kwao. Kabla hujamlipa Desemba hii, mwulize alilala huko mara ya mwisho lini, kisha keti uhesabu siku zake. Hesabu yenyewe si ngumu. Mimi ilinichukua upande mmoja wa bahasha, na miaka mingi ya kutotaka kuifanya.